Samaki Huyu Alitoka Majini Saa Ngapi?

Chukua boksi la jodari lililokwisha kufungwa na linasubiri gari. Lebo yake ina jina la samaki, uzito, tarehe, jina na anwani ya aliyefunga, nchi alikovuliwa na namba ya fungu, yaani ya kundi la samaki walioshughulikiwa pamoja. Yote hayo yanatakiwa. Lakini siku watu wakiumwa, mtu wa maabara ataanza na swali ambalo lebo hailijibu: samaki huyu alikufa saa ngapi, na barafu aliikuta saa ngapi? Namba ya fungu imewekwa ili swali hilo lijibike. Kazi yake ni kumtoa mtu kwenye boksi na kumfikisha kwenye mstari mmoja wa daftari la diko, pale vyombo vinaposhusha samaki. Kama kwenye mstari ule saa haikuandikwa, namba hiyo ni pambo.

Nashikilia saa kwa sababu samaki wetu wenye bei ndio hao hao wanaoharibiwa na saa. Jodari, sehewa, nguru, vibua, nduaro na dagaa wote wana histidini, kijenzi kimoja cha protini, nyingi nyamani. Histidini yenyewe haina ubaya. Ubaya unaletwa na bakteria wanaokaa kwenye matamvua na matumbo, Morganella morganii akiwa miongoni mwa wakorofi wakubwa. Samaki akishakufa wanapenya hadi nyamani na kuigeuza histidini kuwa histamini. Katika joto la nyuzi 30, ambalo kwetu wakati wa kaskazi ni jambo la kila siku, saa chache zinatosha kumfanya samaki asifae.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Histamini ikishaingia nyamani haitoki. Ukikaanga ipo, ukichemsha ipo, ukigandisha ipo, ukitia kwenye kopo na kupika kwa mvuke ipo. Tena haina harufu. Jodari anaweza kuwa na macho maangavu na nyama nyekundu ya kupendeza, na ndani ana histamini ya kumlaza mtu. Mlaji huhisi mdomo unawasha au una ladha kama ya pilipili manga, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, mwili unawasha. Huanza ndani ya dakika chache au saa moja mbili. Watu husema "samaki huyu hapatani na mimi", wanadhani ni mzio, na fungu zima linaendelea kuuzwa.

Kiwango cha Codex, kanuni za kimataifa za chakula, kinataka histamini isizidi miligramu 200 kwa kilo. Umoja wa Ulaya huchukua sampuli tisa katika kila fungu: wastani wake usizidi miligramu 100, si zaidi ya mbili ziwe kati ya 100 na 200, na isiwepo hata moja inayozidi 200. Sampuli ni tisa kwa sababu histamini haienei sawasawa. Samaki mmoja katika boksi anaweza kuwa mbaya na mwenzake aliyelala ubavuni pake akawa mzima. Hata ndani ya samaki mmoja, nyama iliyo karibu na tumbo hutofautiana na ya mkiani. Kwa hiyo anayesema "tulipima mmoja, alikuwa safi" bado hajapima fungu.

Muda wenyewe una hesabu. Mwongozo wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani unasema hivi: ikiwa hewa au maji yamezidi nyuzi 28.3, samaki wa aina hii awekwe kwenye barafu mapema iwezekanavyo, na isipite saa 6 tangu alipokufa. Sasa weka hesabu hiyo kwenye uvuvi wetu. Mashua imetoka Nungwi jioni, samaki wa kwanza amepanda saa nne usiku, nahodha amerudi dikoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa nane na nusu zimepita. Ikiwa chombo hakikubeba barafu, samaki yule ameshatoka kwenye mpaka kabla mnadi hajafungua mdomo. Barafu inayotiwa baada ya mnada itapunguza kasi ya uharibifu, lakini kilichokwisha kuingia hakitoki. Samaki wa jarife, nyavu zinazotegwa na kuachwa majini, ni mgumu zaidi, kwa sababu hakuna anayejua samaki amekufa saa ngapi ndani ya nyavu. Dawa yake ni kuhesabu tangu nyavu zilipotegwa. Inaonekana ni ukali, lakini ndiyo hesabu pekee inayoweza kutetewa mbele ya mkaguzi.

Jodari ana jambo lake jengine. Mwili wake una joto kuliko maji anayoogelea, na akipigana na mshipi kwa muda mrefu joto la nyama linazidi kupanda. Akiachwa juu ya mbao za chombo, juani au chini ya turubai lisilopitisha hewa, anakuwa kama chungu kilichofunikwa. Akipanda tu, muue haraka na mtoe damu kwa kumchana nyuma ya mapezi ya ubavuni. Kisha toa matamvua na matumbo bila kuyapasua, suuza kwa maji safi ya bahari ya mbali na pwani, jaza barafu tumboni, ndipo umlaze kwenye deli, lile sanduku la kutunza baridi. Matamvua na matumbo ndiko waliko bakteria, kwa hiyo kuvitoa mapema ni kuwapunguza maadui kabla vita havijaanza. Ukiyapasua matumbo ndani ya samaki umefanya kinyume chake: umewapaka nyama nzima.

Barafu nayo haitaki kukisiwa. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya kilokalori 80. Kilo moja ya samaki ikishuka nyuzi moja hutoa karibu kilokalori 0.8. Basi kilo 10 za samaki wenye nyuzi 30 ukitaka kuwafikisha sufuri unahitaji 10 mara 30 mara 0.8, yaani kilokalori 240, ambazo ni kilo 3 za barafu. Hizo ni za kupoza tu. Bado hujalipia joto linalopenya kwenye deli, kifuniko kinachofunguliwa kila mara, na barafu iliyoyeyuka njiani kutoka mjini hadi Mkokotoni. Ndiyo maana katika nchi za joto inashauriwa kilo kwa kilo: samaki 50, barafu 50. Chombo kinachotoka na kipande cha kilo 10 kikitarajia kurudi na kilo 60 za jodari kimetoka bila barafu.

Barafu ya vipande vikubwa inapoza vibaya kwa sababu inamgusa samaki sehemu chache, na katikati kunabaki hewa. Iponde. Bora zaidi, tia maji ya bahari safi uifanye uji: sehemu mbili za barafu, moja ya maji. Uji huo humzunguka samaki pande zote, na kwa chumvi yake hushuka chini kidogo ya sufuri. Samaki wadogo kama vibua hupoa haraka sana humo. Jodari wa kilo 30 atachukua saa nyingi kupoa katikati, hata awe kwenye uji mzuri kiasi gani, kwa hiyo kuchelewa hata saa moja kumtia humo ni hasara. Maji ya barafu yenye damu yamwagwe. Usiyaongezee barafu mpya juu ukaona umesafisha.

Kipimajoto kichomwe kwenye nyama, upande mnene, hadi karibu na mfupa wa mgongo. Kukiweka juu ya ngozi ni kupima barafu. Unatafuta nyuzi 4 au chini yake. Na kipimajoto chenyewe kihakikiwe: jaza kikombe barafu iliyopondwa, tia maji kidogo, koroga, kitie kwa dakika mbili. Kisome sufuri. Kikisoma 2, andika kwenye karatasi ya kipimajoto kuwa kinazidisha 2, au kibadilishe. Vipimo vingi vya joto vilivyoandikwa vizuri kabisa havina thamani kwa sababu hakuna aliyewahi kukihakiki chombo.

Sasa daftari. Kwenye madiko yetu bwana diko ana kazi ya kuandika takwimu: chombo, aina ya uvuvi, aina ya samaki, uzito, bei. Hizo ni takwimu za uvuvi, na ni muhimu, lakini hazikutengenezwa ili kumfuata samaki mmoja hadi sahani. Anayenunua kwa ajili ya hoteli, kiwanda au kusafirisha awe na daftari lake, la mistari michache tu: tarehe, diko, jina na namba ya usajili wa chombo, nahodha, sehemu walikovua, aina ya mtego, saa ya samaki wa kwanza au saa ya kutega, saa ya barafu, saa ya kushuka dikoni, aina ya samaki, idadi na kilo, joto la nyama, namba ya fungu. Chini yake, upande wa pili wa ukurasa: nani kauziwa, kilo ngapi, saa ngapi.

Namba ya fungu isiwe fumbo. KZD-120725-04-JDR inatosha: Kizimkazi Dimbani, tarehe 12 Julai 2025, chombo cha nne kushuka siku hiyo, jodari. Mtu yeyote akiisoma anajua arudi wapi. Neno fungu tunalo sokoni miaka yote, ni ile chungu ya samaki inayouzwa kwa bei moja, na maana yake hapa haiko mbali: samaki waliovuliwa, kupozwa na kushushwa katika hali moja. Mara hali inapotofautiana, fungu ni jengine.

Kinachovunja mnyororo huu, kwa maoni yangu, ni kuchanganya. Kusahau kuandika kunafuata kwa mbali. Mchuuzi ananunua kilo 20 kwa chombo hiki, 35 kwa kile, 15 kwa mwenziwe aliyelala nazo tangu jana, anazitia zote kwenye deli moja na kuzipa tarehe ya leo. Kuanzia hapo hakuna daftari litakaloweza kuzitenganisha. Ikitokea samaki mmoja ana histamini, kilo zote 70 zinatupwa, pamoja na za nahodha aliyebeba barafu yake kwa gharama yake. Hilo ndilo linaloniuma katika jambo hili: mvuvi mzuri analipa kosa la asiyejali, na kesho yake hatabeba barafu tena kwa sababu hakuona faida. Ikibidi kuchanganya, fungu jipya liandikwe pamoja na namba za mafungu yote yaliyoingia, na saa mbaya kuliko zote ndiyo iwe saa yake. Samaki wa jana akiwemo, fungu zima ni la jana.

Njia ya kukagua daftari bila maabara ni kupima uzito. Kama umeingiza kilo 200 za jodari wazima na umetoa kilo 170 za fileti, kuna kilo zimeingia kwa mlango wa nyuma, maana jodari mzima hutoa fileti nusu ya uzito wake au zaidi kidogo. Kila kiwanda kipime uwiano wake: samaki kumi kabla na baada ya kukatwa, kwa kila aina, iandikwe ukutani. Pweza naye hupungua sana akichemshwa, kwa hiyo anayeuza pweza aliyepikwa awe na uwiano wake pia. Mkaguzi anayejua kazi huomba karatasi hii kabla ya kuangalia vigae na mabomba.

Nani anasimamia nini? Kwa ufupi, maana hapa watu hupoteza siku nzima kwenye ofisi isiyohusika. Uvuvi wa ndani si jambo la Muungano, na Zanzibar ina Sheria yake ya Uvuvi Namba 7 ya 2010 chini ya Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi: leseni, vyombo, mitego, madiko. Uvuvi wa bahari kuu, katika eneo la kiuchumi linalofika maili 200 za baharini, uko chini ya Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, ambayo ni ya pande zote mbili na makao yake yako Fumba. Usalama wa chakula, majengo ya kusindika na usajili wa vyakula ni kazi ya Wakala wa Chakula na Dawa, iliyotokana na Sheria Namba 2 ya 2006. Viwango vya bidhaa na alama ya ubora ni vya Taasisi ya Viwango Zanzibar, Sheria Namba 1 ya 2011. Anayefungasha dagaa kwenye pakiti zenye jina lake atakutana na hawa wawili wa mwisho, na afadhali awaendee kabla ya kuchapisha pakiti elfu kumi zenye kosa.

Makosa ya pakiti hurudia yale yale. Jina ni la biashara tu, halisemi ndani mna nini: "Ladha ya Bahari" si jina la chakula. Uzito umeandikwa pamoja na pakiti. Namba ya fungu haipo, ipo tarehe tu. Tarehe imechapwa kwa wino unaofutika kwenye jokofu. Viungo havikutajwa, na aliyekaanga dagaa kwa unga wa ngano hakusema kuna ngano. Samaki, kamba na kaa, na ngano pia, ni vyakula vinavyoleta mzio, kwa hiyo vitajwe waziwazi hata kama mtu anaviona kwenye picha. Na maneno ya kuhifadhi yawe ya kutekelezeka: "hifadhi mahali pakavu" kwa dagaa, "nyuzi 18 chini ya sufuri" kwa walioganda. Kwa samaki aliyeganda andika tarehe aliyogandishwa. Ukiandika tarehe ya kufungwa peke yake unamruhusu mtu kugandua samaki wa miezi, kumkata na kumpa umri mpya. Aliyeganduliwa aandikwe kuwa ameganduliwa, na asigandishwe mara ya pili.

Majina ya samaki ni shughuli nyengine, na hapa Unguja na Pemba tuna utajiri unaotuponza. Sehewa wa mtu mmoja ni jodari mdogo kwa mwengine. Changu ni ukoo mzima. Kwa sahani ya nyumbani haidhuru. Kwa hati ya kusafirisha inadhuru, kwa sababu soko la Ulaya linataka jina la kibiashara pamoja na la kisayansi, na kanuni zao namba 1379 ya 2013 zinataka pia mlaji aambiwe amevuliwa au amefugwa, amevuliwa eneo gani na kwa mtego gani. Jodari wetu wa mapezi ya manjano ni Thunnus albacares. Sehewa anaweza kuwa Katsuwonus pelamis, mwenye michirizi tumboni, au Euthynnus affinis, mwenye michirizi ya mawimbi mgongoni na madoa meusi kifuani. Nguru ni Scomberomorus commerson. Pweza wetu wa miambani ni Octopus cyanea. Tasi anayejaa kwenye madema mara nyingi ni Siganus sutor. Eneo letu kwenye ramani ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ni namba 51, Bahari ya Hindi Magharibi. Jina liandikwe samaki akiwa mzima, ana ngozi na mapezi. Akishachunwa na kuwa fileti, hata mzee wa bahari atabahatisha.

Dagaa nastahili kuwapa nafasi yao, kwa sababu mzigo wao ni mkubwa na huvuka bahari hadi bara, na kutoka huko hadi Kongo. Wanachemshwa kwenye maji ya chumvi kisha wanaanikwa. Kuchemsha kunaua bakteria, lakini kama walikaa saa nne kwenye matenga kabla ya kuona moto, histamini iliyokwisha kuzaliwa itachemka nao na kukauka nao. Tena kukausha kunaizidisha kwa uzito: maji yanatoka, sumu inabaki, na kilo ya dagaa wakavu ina histamini ya kilo kadhaa za wabichi. Kwa hiyo saa ya kushuka na saa ya kuingia sufuriani ndizo za kuandikwa kwa dagaa.

Maji ya kuchemshia yabadilishwe. Yakishakuwa mazito yenye povu la kijivu, dagaa wanatoka na uchafu wa matenga yote yaliyotangulia. Waanikwe juu ya chanja zilizoinuliwa kiasi cha kiuno, zenye wavu, upepo upite chini na juu. Dagaa wa mchangani wanaokota mchanga, kinyesi cha kuku na mbuzi, na mvua ya ghafla ikija hakuna wa kuwawahi. Mchanga kwenye dagaa unaonekana ni kero ya meno tu, lakini mnunuzi akiuona anajua na mengine. Wakiwa wakavu sawasawa, dagaa huvunjika kwa mlio. Akikunjika bila kuvunjika bado ana maji ya kutosha kuota ukungu ndani ya gunia. Wapoe kabisa kabla ya kufungwa, maana dagaa wenye joto la jua hutoa jasho ndani ya gunia na gunia linaoza kutoka katikati, mahali ambapo mkono wa mnunuzi haufiki. Kila gunia lifungwe kikaratasi kwa nje na kingine ndani: diko, tarehe ya kuchemsha, aliyekausha, namba ya fungu. Cha nje kitang'oka bandarini. Cha ndani ndicho kitakachosema.

Wapangwe pia kabla ya kufungwa. Kitoto cha bunju kinaweza kuvuliwa pamoja na dagaa, na sumu ya bunju haiondoki kwa moto wala kwa jua. Huko Japani dukani wameshawahi kurudisha pakiti za samaki wadogo kwa sababu kitoto kimoja cha bunju kilionekana ndani. Mwanamke aliyekaa kwenye chanja akichambua kwa mkono anafanya kazi ya usalama wa chakula, na alipwe kama anayefanya kazi hiyo.

Na kuna nyama ambayo haina lebo wala daftari kabisa. Novemba 2021 watu saba walikufa Pemba baada ya kula kasa. Machi 2024, Kisiwa Panza, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa, na wengine 78 walilazwa, kwa sababu hiyo hiyo. Sumu hii haina dawa yake maalumu, haiondoki kwa kupika, na kasa mwenye nayo hatofautiani kwa macho na asiye nayo. Mama aliyekula anaweza kumpitishia mtoto kwa maziwa. Kasa analindwa na sheria, hivyo nyama yake hugawiwa kwa siri, nyumba kwa nyumba, na hapo ndipo maafa yanapozidi: hakuna anayejua imefika nyumba ngapi. Shehia ikipata habari ya mtu mmoja kuumwa baada ya kula kasa, kazi ya kwanza iwe kupita mlango kwa mlango siku ile ile, kuuliza nani alikula au alipewa, na kuwapeleka wote kituo cha afya hata wasio na dalili, watoto kwanza. Wakati huo suala la nani alivua lingoje. Watu wakiogopa kukamatwa watanyamaza, na ukimya unaua.

Turudi kwenye biashara. Kwa Ulaya, tangu 1 Januari 2010 samaki wa baharini anaingia akiwa na hati ya uvuvi inayothibitishwa na nchi ya chombo, kuonyesha kuwa hakuvuliwa kwa wizi. Marekani ina mpango wake wa kufuatilia samaki wanaoingizwa, ulioanza kutumika 1 Januari 2018, na jodari na chewa wamo kwenye orodha. Kanuni yao mpya ya kufuatilia vyakula inataka mwenye chakula aweze kutoa kumbukumbu ndani ya saa 24 akiulizwa. Tarehe ya kuanza kuifuata ilikuwa Januari 2026, ikasogezwa hadi Julai 2028. Asiyeuza huko asiseme hayamhusu. Hoteli za Nungwi na Paje zinazonunua kwa mikataba zinaweza kuuliza maswali hayo hayo, na anayewapa wageni samaki mbichi ana sharti la ziada: mwongozo wa Ulaya ni kumgandisha kwa nyuzi 20 chini ya sufuri katikati ya nyama kwa saa 24, au 35 chini ya sufuri kwa saa 15, ili minyoo ife. Mgando huo haufanyi lolote kwa histamini.

Jaribio la kufanya mara moja kila miezi mitatu ni hili. Mtu asiyehusika na ghala achague boksi moja, asome namba ya fungu, aangalie saa. Upande wa nyuma: chombo gani, nahodha nani, samaki alitoka majini saa ngapi, barafu saa ngapi. Upande wa mbele: fungu hilo hilo limeuzwa kwa nani na nani, kilo ngapi kila mmoja, zimebaki ngapi kwenye jokofu. Kilo zilizoingia ziwe sawa na zilizouzwa, zilizobaki na zilizotupwa, kwa uwiano ulioandikwa ukutani. Saa mbili zikipita bila jibu, andika ni mstari upi uliokwamisha. Mara nyingi utakuta ni mstari wa saa, na sababu mara nyingi ni ndogo: daftari lililoa, wino ukasambaa, namba hazisomeki. Nunua daftari lenye jalada gumu, litie kwenye mfuko wa nailoni, na uandike kwa penseli. Penseli haiyeyuki kwenye maji ya barafu.